Chipu za mashindano hazibadilishwi kuwa pesa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuondoka katikati ya mashindano ya poka (mchezo wa karata) kasino ya Dar, ukabadilisha chipu zako, vile visahani vya kuchezea, kuwa pesa. Hapana, ukiondoka ili uwahi basi la kurudi Tanga, kwenye dirisha la malipo hupati kitu, hata kama una rundo la chipu. Zile ni pointi tu. Unaweza kulipa ada ya shilingi 50,000 ukapewa chipu za 10,000. Namba hizo hazihusiani na shilingi. Ada zinakusanywa, kasino inakata chake, kinachobaki wanagawana wachache waliodumu hadi mwisho. Ukiinuka, chipu zako zinabaki mezani zikiliwa na dau la lazima, nalo linapanda kila baada ya dakika kadhaa. Nimecheza Dar mara kadhaa wikiendi nikitokea Ngamiani, Tanga, na ndivyo nilivyoelezwa kabla ya kulipa.

Meza ya pesa taslimu ni tofauti: hapo chipu ni pesa kamili, unainuka saa yoyote unabadilisha. Kwa hiyo mashindano cheza Jumamosi. Jumapili, na safari ya kilomita kama 350 inakusubiri, usilipe ada kabisa. Tenga nauli pembeni kwanza.