Sura ya tano pale Rushmore apewe nani?

SWALI: Mhariri mambo vipi, ule mlima Rushmore wa Marekani wenye sura za marais wanne zilizochongwa, wakiongeza wa tano we ungempa nani? Mi nasema Kennedy.

JIBU: Poa kaka. Kennedy ana mvuto kweli ila hata miaka 3 madarakani hakumaliza, mi ningempa Franklin Roosevelt, jamaa kachaguliwa mara 4, kakuta uchumi uko hoi akasaini sheria ya pensheni za wazee 1935 halafu vita kuu ya pili nayo ikamkuta humohumo, na yote hayo yuko kwenye kiti cha magurudumu! Doa lake ni kuwafungia kambini Wamarekani wenye asili ya Japani 1942, hilo halifutiki. Ila mwamba wa kuchonga pale umeisha bwana, hata Jefferson, mmoja wa wale wanne, walimuanzia upande mwingine jiwe likagoma wakamlipua na baruti wakaanza upya, na Walakota, wenyeji wa asili wa pale, nao wanaidai ardhi yao mpaka leo.