Ningu alianza kupungua kabla sangara hajaenea

Mleta uzi ameuliza samaki aitwaye ningu, wa mito inayoingia Ziwa Victoria, amekwenda wapi, na kama inafaa kununua vifaranga na kuvimwaga mtoni. Wachangiaji wengi wamemtaja sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, kuwa chanzo. Nimekulia kando ya Mto Mara, upande wa Kirumi, katika familia ya wavuvi, na baadaye nikawa katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ya mwalo wetu. Kwa maoni yangu, sangara anabebeshwa lawama kupita kiasi.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na alienea kwa wingi kuelekea miaka ya 1980. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye matundu yake anapojaribu kupita, zilikuwa zimeingia tangu mwaka 1905, na mwaka 1965 ilichapishwa taarifa ya kitafiti kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Mto Nzoia, nchini Kenya. Sangara alimkuta ningu akiwa tayari amepungua.

Sababu iko katika maumbile ya samaki mwenyewe. Ningu, ambaye hufikia urefu wa takriban sentimita 40, ana mdomo ulioelekea chini na midomo minene, na hula mwani na mabaki anayoyakwangua kwenye mawe na matope. Sehemu ya maisha yake huishi ziwani, lakini kuzaa humlazimu kupanda mto. Mvua za masika na za vuli zinapojaza mito, hupanda kwa makundi, kisha huchepuka na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko, na huko ndiko hutaga. Maji yakipungua, wadogo hurudi nayo mtoni.

Samaki anayepita mahali pamoja, kwa msimu unaojulikana na kila mvuvi, humalizwa kwa urahisi. Mvua ikinyesha sana juu na maji yakianza kubadilika rangi, nyavu zilikuwa zinatandazwa mdomoni mwa mto hata kabla ya giza kuingia. Waliovuliwa walikuwa majike waliovimba matumbo kiasi kwamba ukimwinua mmoja, mayai yanachuruzika mkononi, na wachuuzi waliwagombania hao hao kuliko madume. Kizazi kizima kiliishia kwenye ndoo kabla ya kutagwa, na wale wachache waliopenya walikuta kingo zimelimwa mpaka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini tembea kando ya mto wowote wa huku uone mahindi yalikoishia.

Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inamweka ningu katika kundi la viumbe walio hatarini mno kutoweka. Kuhusu vifaranga, watafiti wa Uganda walishafanikiwa kumzalisha kwa kumdunga homoni, na kwa mfugaji wa bwawa hiyo ni habari njema. Kuvimwaga mtoni ni suala jingine. Mdomo wa mto ukiendelea kuzibwa kwa nyavu kila masika, fedha za vifaranga zitakuwa zimewalisha wenye nyavu hizo. Isitoshe, vifaranga vya Kagera visimwagwe Mara bila wataalamu kuchunguza, kwa sababu samaki wa kila mto huenda wakawa na nasaba yao, na ukishawachanganya huwezi kuwatenganisha tena.

Ningekuwa na fedha hizo, ningezielekeza kwenye doria ya mdomo wa mto katika majuma ya mwanzo ya mvua, kwa makubaliano na wavuvi wenyewe, na kwenye kuyaacha mabonde ya mafuriko yaote majani. Wavuvi watauliza wale nini kipindi hicho, na swali hilo ni la haki. Ndiyo maana katazo liwe la mdomo wa mto tu, na la majuma hayo tu, huku dagaa na sangara wakiendelea kuvuliwa ziwani kama kawaida.