Kabla hujafuta chaki ya mlangoni

Wiki iliyopita binti mmoja wa Arusha ameniandikia. Amepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani, anaondoka Septemba. Hakuuliza habari za mshahara wala baridi. Ameuliza: "Dada, huko imani yangu itapona?"

Mdogo wangu, swali lako limenikosesha usingizi. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi.

Nimezaliwa Machame, nimebatizwa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, kwaya nimeanza kuimba nikiwa darasa la pili. Kwetu Injili ililetwa na Wajerumani, wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Basi 2022 nilipopanda ndege nilijua naenda kwao Luther, nitakuta makanisa yamefurika. Jumapili ya kwanza, karibu na Würzburg, jimbo la Bavaria, tulikuwa watu kumi na wanne. Niliwahesabu wakati wa mahubiri. Hakuna ngoma, hakuna vigelegele, hakuna mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada. Nilirudi kwa miguu nikilia, nikasema hawa watu wamemwacha Mungu.

Sasa sikia la Januari 2023. Tarehe 6 natoka zamu ya usiku, nakuta juu ya mlango wangu pameandikwa kwa chaki: 20*C+M+B*23. Wewe umekulia Tanzania, unajua alama ya ukutani usiyoiweka wewe ina maana gani. Ama wezi wamekuwekea alama, ama nyumba inabomolewa, ama kuna mtu amekuja usiku na mambo yake. Nilikemea kwa jina la Yesu. Nikaleta kigoda na kitambaa chenye maji, nikafuta herufi moja moja hadi mbao ikang'aa.

Nikiwa bado juu ya kigoda, bibi wa ghorofa ya chini akatoka na kikombe chake cha kahawa. Aliangalia mlango, akaangalia kitambaa, akarudi ndani. Huyu ndiye aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi "Grüß Gott", Mungu akusalimu, salamu yao ya Bavaria. Wiki mbili sikuisikia tena.

Kazini ndiko nilikofunguliwa macho. Walioandika ile chaki ni watoto wa kanisa, wamevaa kama Mamajusi, wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kukusanya michango ya watoto wenye shida duniani. Wameanza utaratibu huo 1959. Nambari za pembeni ni mwaka. Herufi ni za Kilatini, Christus mansionem benedicat: Kristo aibariki nyumba hii. Wengine huzisoma kama majina ya Mamajusi wenyewe, Caspar, Melchior na Balthasar. Na bibi, kwa kuwa nilikuwa kazini, ndiye aliyewaomba wasiruke mlango wangu, akanitolea mchango mfukoni mwake.

Nilifuta baraka niliyoombewa na mama wa watu. Hadi leo inaniuma.

Nilishuka na sahani ya maandazi na Kijerumani changu cha kuokoteza. Alikula mawili akiwa amesimama. Kesho yake salamu ikarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu: uliza. Ukikutana na jambo usilolielewa, uliza kabla hujakemea. Uliza hata la pesa. Ukijiandikisha ofisi ya mji utaulizwa dini, na ukijaza Mlutheri utakatwa kodi ya kanisa. Mimi iliniibukia mwaka jana, nilipomaliza mafunzo na kupata mshahara kamili. Nilipoiona kwenye hati ya mshahara nilipandwa na hasira, sadaka inakatwaje kama mkopo wa bodi ya wanafunzi! Kumbe Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato, si ya mshahara: ukikatwa kodi yuro 300, kanisa linapata 24. Na wengi nisiowaona ibadani wanakatwa kila mwezi, miaka nenda rudi. Nilikuwa nimewahukumu kwa kuhesabu viti.

Tazama na Jumapili yao. Maduka yamefungwa, hakuna anayetoboa ukuta, hata chupa tupu hutupi kontenani zikapiga kelele. Asiyekwenda kanisani anaiheshimu Jumapili kuliko sisi tunaotoka ibadani tukakimbilia kufungua duka. Imani yako haitauliwa na Ujerumani, mdogo wangu. Itauliwa na kiburi cha kudhani Mungu anakaa kwenu tu. Nenda kanisani hata mkiwa kumi na wanne. Imba. Na uliza.

Januari hii kengele ililia nikiwa nyumbani. Watoto watatu, taji za karatasi ya dhahabu, mdogo wao kashika chaki lakini mlango umemzidi urefu. Nikaleta kigoda, kile kile, nikamshika kiuno asianguke. Akaandika polepole, ulimi nje: 20*C+M+B*26. Bibi alikuwa chini ya ngazi na kikombe chake, akitutazama.