Mwanangu, kuhusu Vitz yako na hiyo ekzosti

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo baada ya alfajiri nimeurudia. Unauliza kama inalipa kuifungia Toyota Vitz yako ekzosti kubwa na ea klina ya wazi, lile chujio la hewa lisilo na boksi, kisha fundi aichezee kompyuta ya gari, vyote kwa milioni moja na laki mbili. Unasema unataka iwe nyepesi kwenye kuovateki ukija huku Iringa.

Kabla sijafika huko, niambie: mafuta ya breki ulibadilisha lini? Sisemi kuongezea, nasema kumwaga yote na kutia mapya. Na zile shokapu za nyuma ambazo baba yako alizisikia zinagonga Idi iliyopita, umeshazitoa? Najua utasema mama ameanza. Ndiyo, nimeanza. Gari ni miguu, yaani magurudumu, breki na shokapu. Neno hilo si langu, ni la babu yako, na yeye Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, aliipanda na malori ya Zambia tangu ikiwa vumbi, kabla barabara ya TANZAM haijatiwa lami. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1974 na Mitsubishi Lancer ya cc 1600, Porsche ikaja ya pili, babu yako alilisimulia lile jambo kama aliyeshinda ni yeye. Kila mgeni akiingia nyumbani lazima alisikie, na mwisho wake ni ule ule: mnaona, gari ni miguu.

Haya, umeuliza, nami sitaki uone nimekukwepa. Sikukaa stoo ya spea miaka yote ile nikihesabu nati tu. Injini yako ni ya cc 990 na ushei, nguvu za farasi 70 ilipokuwa mpya. Injini ya namna hiyo, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa ya ziada, ikizunguka mara mbili inavuta hewa ya lita moja, na mara nyingi hata hiyo lita haitimii. Kompyuta haiwezi kuchoma petroli kupita hewa iliyopo. Ndiyo maana gari la tabo likichezewa kompyuta mtu anaona tofauti, lakini kwenye Vitz utapata farasi wawili watatu, tena huko juu mshale ukikaribia pekundu, ambako wewe kwenye foleni ya Ubungo hufiki. Ea klina ya wazi itavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na vumbi la njia ya kwenu itakuwa inalikaribisha ndani. Ekzosti itakupa sauti. Wakiitoa na masega, yale ya ndani ya ekzosti yanayosafisha moshi, itakupa sauti zaidi, pamoja na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi kila siku ya Mungu.

Kama ni wepesi unaoutaka, shusha lile sabufa lililojaa buti zima, na urudishe rimu za zamani. Hizo za inchi 17 ni nzuri kwa macho, lakini uzito umeuweka kwenye magurudumu, mahali ambapo injini ndogo inahangaika zaidi kila unapoondoka kwenye taa. Hilo halina gharama, na utalisikia mguuni siku hiyo hiyo.

Ningeweza kuishia hapo. Ila nikiishia hapo nitakuwa kama sijawahi kuendesha ile Starlet nyeupe ya mjomba wako.

Unaikumbuka kwa picha tu. Alitoa injini yake ya kawaida akatia ya tabo, ile 4E-FTE, aliyoipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kuisafirisha kwa basi ikiwa imefungwa kwenye magunia. Farasi 135 kwenye gari ambalo watu wanne wanaweza kulisukuma bila kutoka jasho! Siku aliyonipa funguo tulikuwa tunatoka Mafinga, barabara imenyooka katikati ya misonobari ya Sao Hill, hakuna gari mbele wala nyuma. Nilikanyaga gia ya tatu, ikangoja kidogo, halafu kiti kikanipiga mgongoni. Nilicheka kwa sauti, mwanangu. Mimi, mke wa mtu, na mtandio umeniangukia shingoni. Mpaka leo nikipita pale mguu unaniwasha. Kwa hiyo akinijia mtu kusema nguvu ya injini ni utoto, namwona hajaionja.

Halafu babu yako akafariki.

Aliondoka usiku, Kilosa. Sisi tulitoka Iringa baada ya alfajiri, wewe umelala kiti cha nyuma. Mjomba wako alikuwa Mafinga, ana kazi ya kukabidhi, akasema msinisubiri, mimi nitawakuta Mikumi. Hakuna aliyebisha. Sote tulijua lile gari linavyokwenda.

Kitonga aliishuka akiwa na haraka, na kila kona breki. Injini ilikuwa ya tabo, lakini breki zilikuwa zile zile za Starlet ya kawaida. Alipanga kuzibadilisha akipata hela, na hela ilikuwa imeishia kwenye injini. Katikati ya mlima pedali ikawa kama anakanyaga unga uliokandwa. Ikashuka mpaka chini na gari halishiki. Akarudisha gia ya pili, akavuta hendibreki, akaona afadhali alipeleke kwenye mtaro wa upande wa mlima kuliko upande ule mwingine. Alhamdulillahi alikuwa na akili hiyo. Mguu wa gari wa mbele wa kushoto ukavunjika, yeye hakupata hata mkwaruzo.

Maziko yalikuwa baada ya alasiri. Wazee walingoja kidogo, wakauliza mtoto wa kiume wa marehemu yuko wapi, hakuna wa kuwajibu, maana siku hizo simu Kitonga ilikuwa ndoto. Nafasi yake kaburini akashuka mtoto wa shangazi. Mjomba wako alifika na lori baada ya isha, ana grisi mpaka kwenye viwiko, akakuta watu wamekaa kwenye mikeka. Hakuuliza kitu. Alijua.

Gari nililiona lilipovutwa mpaka Iringa. Disko za mbele zilikuwa zimegeuka buluu, na pedi zimebaki bati.

Sasa hapa huwa nabishana na nafsi yangu. Wapo waliotia injini ile na wanashuka Kitonga kila wiki. Na hata Starlet ya kawaida, ikiwa mafuta yake ya breki ni ya miaka nenda rudi, nayo ingemfanyia vile vile. Mafuta yale yanavuta unyevu: ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishalewa maji yanachemka kwenye 140 tu, na yakichemka unakanyaga mvuke. Basi kosa ni la tabo au la mafuta? Nikilala upande huu naona la mafuta. Nikigeuka naona kwamba bila tabo asingesema msinisubiri. Toyota wenyewe walipoitoa Starlet ya tabo hawakuishia kwenye injini, waliipa na breki zake. Na spidi 100 si 70 iliyochangamka: mzigo unaoziangukia breki ni mara mbili.

Wewe hutii tabo, najua. Farasi watatu hawatakupeleka mtaroni. Ninachokiogopa ni ile sauti. Gari likinguruma dereva anaamini lina nguvu, anatoka nyuma ya lori pale Ruaha Mbuyuni kwa imani hiyo, na Vitz ni ile ile.

Ulimi unaniwasha nikwambie usifanye. Nimeliandika neno hilo nikalifuta. Hela ni zako, umezitolea jasho, na mimi ndiye niliyecheka Sao Hill. Amua mwenyewe. Ila kabla hujatoa hata shilingi kwa ekzosti, mwambie fundi afungue magurudumu yote manne wewe ukiwa umesimama hapo, unipigie picha ya pedi, na ya breki shuu za nyuma, na yale mafuta ya zamani yakiwa kwenye chupa. Gari ni miguu.

Mjomba wako mpigie pia, ana hamu na wewe. Muulize habari za tabo, atakusimulia mpaka vocha iishe. Habari za Kitonga usimuulize.

Mama yako