Rezista za omu 120 kwenye laini ya RS-485 yenye redio

Usiziondoe rezista za omu 120, zinazofungwa kwenye ncha za laini ili mawimbi yasirudi nyuma, kwa sababu tu umeweka redio ya kupitisha data katikati ya laini ya RS-485 (jozi ya waya inayobeba data kati ya vifaa), kwani redio huikata laini hiyo kuwa vipande viwili vya waya, na kila kipande hubaki na ncha zake mbili. Kifaa cha redio kilichofungwa nchani huhesabiwa kuwa ncha. Vingine huja na rezista ndani, inayowashwa kwa swichi ndogo, kwa hiyo kikague kabla ya kuongeza ya pili. Kipande cha mita moja au mbili, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kwa kawaida hufanya kazi hata bila rezista.

Kinachosumbua zaidi, kwa niliyoyaona nikifunga mita za pampu, ni muda. Modbus RTU, yaani utaratibu ambao mita na kifaa kikuu kinachoziuliza hutumia kuwasiliana, hutambua mwisho wa ujumbe kwa ukimya wa herufi 3.5, yaani takriban milisekunde 4 kwa kasi hiyo, na redio ikiugawa ujumbe kwa mapengo marefu kuliko hapo, mita huutupa bila kujibu: taa ya kupokea inamulika, ya kutuma haiwaki. Chagua redio inayokusanya ujumbe mzima kabla ya kuutoa, kisha ongeza muda wa kusubiri jibu kwenye kifaa kikuu, hata hadi sekunde 1. Alama za A na B za waya mbili za laini nazo hazifanani kwa watengenezaji wote. Mawasiliano yakikataa kabisa, jaribu kwanza kubadilishana waya hizo mbili.