Barua kwa mwanangu: zamu ya saa tisa usiku

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama kanisa lina haki ya kumficha mtu aliyenyimwa hifadhi na kuamriwa aondoke nchini. Mimi nimekwama kwenye neno moja tu: kumficha. Hapo ndipo watu wema huharibu mambo.

Chukua Ujerumani, ambako hifadhi ya kanisani ilianzia Berlin mwaka 1983. Parokia ikimpokea mtu, hapohapo huiarifu idara ya wakimbizi: jina lake na anwani ya kanisa. Kisha ndani ya mwezi mmoja hupeleka maelezo ya kwa nini kesi iangaliwe upya. Sababu ni hesabu ya miezi. Chini ya kanuni ya Ulaya iitwayo Dublin III, ambayo mwaka 2026 kanuni mpya inachukua nafasi yake, serikali ilipewa miezi 6 ya kumpeleka mtu kwenye nchi nyingine ya Ulaya inayohusika na ombi lake. Muda ukipita, nchi aliyopo ndiyo iliyolazimika kumsikiliza. Akitoroka, miezi 6 iliweza kufika 18. Sasa mwone yule mchungaji mwenye huruma aliyemfungia mtu stoo bila kutoa anwani: amemwongezea mwaka mzima wa hofu. Anayejulikana alipo hajatoroka.

Kwa hiyo mimi nakujibu la zamu, la haki lingoje. Umelisikia tangu u mdogo na utalisikia tena: ukarimu ni zamu. Huruma wanayo wengi. Wa kuamka saa tisa usiku ndio hawaonekani.

Ndiyo maana sichoki kulitaja lile kanisa dogo la Bethel, The Hague. Sheria ya Uholanzi inawakataza polisi kuingia nyumba ya ibada wakati ibada inaendelea. Familia moja ya Kiarmenia iliyokaa nchini karibu miaka 9 ilikuwa inakaribia kufukuzwa. Basi wakapokelewa kanisani, ibada ikaanza tarehe 26 Oktoba 2018, na haikufungwa hadi tarehe 30 Januari 2019. Siku 96, usiku na mchana. Piga hesabu, ni zaidi ya saa 2,300. Mchungaji wa zamu hawezi kutoa baraka akaenda zake kabla anayempokea hajafungua kinywa, maana kimya kati ya "amina" na wimbo unaofuata ni mlango wazi. Jumapili asubuhi haina shida. Shida ni alfajiri ya katikati ya wiki, koo limekauka na zaburi bado ndefu. Wachungaji walikuja kwa mamia, wengine kutoka ng'ambo, wakapokezana. Nikikumbuka nacheka peke yangu: serikali nzima imezuiwa na ratiba!

Halafu nakumbuka lilivyoishia, na kicheko kinakatika. Vyama vilivyokuwa serikalini vilikubali kesi za watoto wapatao 700 waliokwisha kukataliwa ziangaliwe upya. Bei yake? Mpango wenyewe wa msamaha, uliowapa vibali watoto waliokulia nchini, ukafungwa kwa watakaokuja baadaye, na nafasi za wakimbizi wanaoletwa kupitia Umoja wa Mataifa zikashushwa kutoka 750 hadi 500 kwa mwaka. Hao 250 walikuwa mbali, kambini. Hakuna aliyewaimbia.

Mjomba wako angesema ndiyo malipo ya kuigeuza ibada kufuli, na nusura nikubaliane naye. Lakini hapana, waliokata nafasi ni wanasiasa, si waimbaji. Na wale watoto walikuwa watoto kweli, wenye madaftari ya shule. Ila hata hao 250... Basi, hukumu sitoi. Ulimi unaniwasha, lakini sitoi.

Turudi kwenye kanisa lenu. Kabla hamjampokea yeyote, wakili alisome faili. Kama hakuna ushahidi mpya wala rufaa iliyobaki, mwambieni mapema, asije akakaa ndani miezi akingojea kitu kisichokuja. Kagueni jengo: makanisa mengi yana vyoo, bafu hayana. Tafuteni daktari anayekubali kuja hapo, kwa sababu jino likiuma usiku ndipo mtu hutoka nje akakamatwa. Fedha zisainiwe na watu wawili. Picha na majina ya mnaowahifadhi yasitoke bila idhini yao, hata kwenye tangazo la ibada. Jamaa waliobaki nyumbani wanaweza kuumizwa kwa sababu ya picha moja.

Mwogopeni pia yule mwenzenu mwenye bidii anayeshika funguo, simu, dawa na fedha. Akiugua yeye, kila kitu kinasimama. Gawanyeni. Na wale wa msikiti jirani waliojitolea msiwape shukrani tu, wapeni zamu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sheria imemnyang'anya jembe. Nchi nyingi humzuia kufanya kazi. Basi angalau mpeni jiko. Mama aliyezoea kuwapikia wanawe, ukimletea chakula kwenye sufuria kila jioni unamfanya mgonjwa. Aingie jikoni, na akitaka kushika zamu ya usafi, ashike.

Ukiniandikia tena, yale iliyosema kamati yenu juu ya haki yaache kwanza. Nitumie ratiba. Nitaanza kuisoma kwenye mstari wa saa tisa usiku.

Mama yako