Nyumba ya mnada wa kodi, mwenyewe marehemu: ninunue?

Ndugu, umeuliza kama ununue nyumba ya Texas inayopigwa mnada kwa deni la kodi ya mali, na hati bado ina jina la marehemu, mirathi haijafunguliwa. Bei iko chini kwa sababu hiyo hiyo.

Usitoe hata senti kabla hujasoma jalada la kesi mahakamani. Fungua kurasa za wito: warithi walitafutwa wapi, nani alipokea, au palitolewa tangazo tu? Mrithi aliyerukwa anaweza kuupinga mnada, na hati utakayopewa haina dhamana kwamba umiliki ni safi.

Halafu kuna haki ya kukomboa, yaani mwenyewe wa zamani au mrithi wake kukulipa na kuichukua tena nyumba: miaka 2 kama yalikuwa makazi ya mwenyewe au ardhi ya kilimo, siku 180 kwa mali nyingi nyingine, kuanzia hati yako inaposajiliwa. Akikomboa mwaka wa kwanza anakurudishia gharama na nyongeza ya asilimia 25, si haba. Ila ukarabati wa kujipendezea usiutegemee kurudi. Jiko jipya lisubiri.

Tenga pia pesa za wakili wa kesi ya kuthibitisha umiliki, maana kampuni za bima ya hati (bima ya kumkinga mwenye mali na madai ya umiliki) mara nyingi hugoma bila hukumu hiyo. Zikila faida yote, achana nayo.